Shingo ya Bata wa Nkwabi

Hapo zamani, si zile zamani za fisi kuvaa kanzu, zamani za juzijuzi tu ambazo hata wewe unayesinzia hapo nyuma ulishazaliwa, palikuwa na tindiga likiitwa Nyahumba. Tindiga si ziwa na si shamba. Ni maji yaliyoshindwa kuamua. Matete yake yalikuwa marefu mpaka mawingu yakipita yanachanika. Matope yake yaliwahi kummeza ng'ombe asubuhi, jioni akatokea upande wa pili akiwa na ndama. Unabisha? Nenda kaulize, ng'ombe mwenyewe bado yupo.

Na bata! Bata walikuwa wengi mpaka jua likitaka kuchomoza lilikuwa linaomba njia. Wakitua wote kwa pamoja, maji yanapanda yanaingia majumbani, watu wanavulia samaki kitandani.

Kwa ajili ya bata hao, wanaume wa Nyahumba wakaunda klabu. Msicheke, ilikuwa klabu kwelikweli. Ilikuwa na banda la bati ukingoni mwa maji. Ilikuwa na mwenyekiti, bwana Lubango, mwenye tumbo lililokuwa linafika mkutanoni likaketi kabla mwenyewe hajavuka barabara. Na kila mwanachama alikuwa na kiota chake. Kiota ndivyo walivyokiita kile kibanda kidogo cha matete kilichosimama juu ya maji, mtu anajificha humo na bunduki yake akisubiri bata. Msimu ukifunguliwa wanakuja wote, na kaka zao, na shemeji zao, na marafiki, na wake zao na masufuria. Inakuwa sikukuu ya kula wiki nzima.

Klabu ilikuwa na sheria mbili, na hizo zilishikwa kuliko amri za kanisani.

Sheria ya kwanza: bata aliyetua hapigwi. Bata akikaa majini ni mgeni, akiruka ndiyo kitoweo. Ukimpiga amekaa, unapigwa wewe, tena na wanawake, tena kwa mwiko.

Sheria ya pili: bata wa kwanza wa siku, nyama yake inaliwa na wote, lakini shingo haigawanywi. Shingo anakula mwenye bata. Kwa nini shingo? Kwa sababu sauti ya bata inakaa shingoni, na sauti haikatwi vipande.

Sasa katika klabu hiyo alikuwepo Nkwabi.

Nkwabi alikuwa anaita bata kwa mdomo wake na viganja vyake viwili tu. Anaziba mdomo, anafungua kidogo, anaita: "Kwe-kwe-kweee!" Basi. Bata walioko Nyahumba wanakuja, walioko nchi ya jirani wanafunga safari. Aliwahi kuita kwa utani siku ya harusi ya mtu, bata wakaingia wakakalia viti vya mbele, wazee wakasimama. Hata bata aliyekwisha kuchemka, akiisikia sauti ya Nkwabi anafumbua jicho. Na mwisho wa sauti ile ulikuwa na mkia mwembamba, ulioshuka polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani akageuka kukitazama.

Mtu huyo aliita mwenyewe. Alipiga mwenyewe, kwa gobole lake lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alipanda mtumbwi wake mwenyewe akaenda kumchukua bata. Kwa hiyo siku zote bata wa kwanza alikuwa wake, na shingo ilikuwa yake, na hakuna aliyeuliza mwenye bata ni nani.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Bata wakishatua kwa kuitwa vile, wanakaa. Wanajisikia nyumbani. Na bata aliyekaa ni mgeni, hapigwi. Nani wa kuwarusha? Mke wake. Nyanzobe alikuwa anakaa ukingoni na sufuria lake, akisikia ule mkia wa sauti umekwisha, anachukua mfuniko, anaupiga kwa mwiko: kwaa! Bata wanaruka, wanaume wanapiga. Asubuhi zote za ndoa yao walizungumza hivyo, yeye ndani ya matete anaita, mkewe ukingoni anajibu. Kuna watu wana redio na hawasikilizani namna hiyo.

Halafu Nyanzobe anapika. Anamtolea mumewe shingo, mumewe anaila taratibu, mfupa mmoja mmoja. Pembeni yake anakaa Shilinde, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe, anameza mate.

"Nkwabi, nionjeshe."

"Bata ajaye, Shilinde."

"Ulisema hivyo msimu uliopita."

"Na bata ajaye si bado hajaja?"

Wanacheka mpaka banda linatikisika. Nyanzobe naye anacheka, analamba mwiko. Yeye mwenyewe shingo hajawahi kuionja. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyekumbuka kumpa.

Kisha Nkwabi akafa. Masika, homa, siku chache. Hapa siongezi chumvi, kifo hakihitaji.

Bata wakaacha kushuka Nyahumba. Mnadhani natania? Walipita juu, juu kabisa, wadogo kama punje za uwele, wakaenda kutua mbali. Na Nyanzobe alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakwenda ukingoni, anakaa pale pale, mfuniko mapajani. Jirani akimwuliza, "Mama Malale, unapika nini saa hizi?" anajibu, "Nasubiri maji yachemke." Na moto hajawasha.

Kiota cha mumewe alikuwa anakitazama. Matete yake yalikuwa yameanza kuinama upande mmoja, upande aliokuwa anaegemea bega. Basi hata kiota kilikuwa kinamsubiri.

Klabu ilikuwa na desturi kwa mwanachama aliyekufa. Kiota chake hakiguswi mpaka msimu mwingine ufunguliwe. Mtumbwi wake unafunikwa kifudifudi, hapandi mtu. Siku ya ufunguzi wanakuja ndugu na marafiki wote, wanawinda kukizunguka kiota chake. Bata wa kwanza atakayeanguka pale anapikwa na mjane. Mwenye bata anakula shingo, na akishaila, kiota ni chake na mtumbwi ni wake. Lakini supu ikipoa shingo haijaliwa, basi, kiota kinabomolewa siku hiyo hiyo, mtumbwi unapasuliwa kuni, maji yanarudishiwa mahali pake.

Msimu ukafunguliwa.

Watu wakaja wengi mpaka ukingo ukazama kidogo. Akaja Malale, mtoto wa kwanza wa Nkwabi, kutoka Mwanza. Alikuwa hajafika nyumbani tangu kabla ya msiba. Siku ya mazishi mvua ilibeba daraja, akabaki ng'ambo ya mto anaangalia barabara, baba yake akazikwa. Sasa amekuja na kibali cha kuwinda mfukoni na bunduki mpya inayometameta kuliko bibi harusi.

Shilinde akaitazama bunduki juu mpaka chini. "We Malale, hao bata unakuja kuwawinda au kuwaposa?"

"Mzee Shilinde, subiri uone."

"Nimesubiri sana mimi. Baba yako alinifundisha kusubiri mpaka nikapata cheti."

Wakacheka, lakini wa kucheka zaidi hakuwepo.

Nyanzobe alikuwa anakata vitunguu. Akauliza, "Mhoja yuko wapi?" Mhoja ni binti yake, mdogo wa Malale. Wakamwambia labda amefuata kuni. Akaendelea kukata.

Wanaume wakaingia kwenye viota vyao, wakakizunguka kile cha Nkwabi kilichokuwa kitupu. Bata wakaonekana. Wako juu, punje za uwele. Wakaanza kupita kama kawaida yao. Lubango akaita, bata wakaongeza mwendo. Shilinde akaita, bata mmoja akaharisha. Wakawa wanakwisha, wanakwisha.

Ndipo kutoka ndani ya kiota kitupu ikatoka sauti.

"Kwe-kwe-kweee."

Na ule mkia mwembamba. Ukashuka. Ukageuka kutazama nyuma.

Jamani! Upepo ulikaa chini. Vyura walifunga midomo. Lubango, mtu ambaye hakulia hata alipozaliwa, akavua kofia, machozi yakamtoka yakajaza kofia. Bunduki zikalazwa kwenye matete, kwa sababu nani ananyanyua silaha mbele ya marehemu anayezungumza? Bata wakageuka angani, wote, wakashuka wakizunguka, wakatua mbele ya kiota cha Nkwabi. Wakakaa. Tindiga zima likawa bata watupu. Na hakuna mwanamume hata mmoja aliyekuwa anawaona. Kila mmoja alikuwa anasikiliza.

Nyanzobe alikuwa na kisu mkono mmoja na kitunguu mkono wa pili. Hakujua ameviangusha saa ngapi. Sauti ilipokwisha, mikono yake ilienda yenyewe. Mmoja ukachukua mfuniko, mwingine ukachukua mwiko. Hakufikiri habari ya bata. Aliitwa, akajibu.

Kwaa!

Bata wakaruka kama ardhi inayokung'uta shuka. Ukasikika mlio mmoja tu wa bunduki. Mmoja! Klabu nzima, mabunduki yote yale, mlio mmoja. Bata mmoja akakunja bawa akaanguka nyuma ya kiota.

Na pale alipoangukia, ole wetu. Pale panaitwa Hapaulizwi. Ukimwuliza mtu pana kina gani, anakwambia, "Hapaulizwi." Mitumbwi mingine haipenyi kwa mafunjo, ulikuwa unapenya mtumbwi wa Nkwabi peke yake, na huo umefunikwa. Bata anaanza kuzama, watu bado wanafuta machozi.

Shilinde akaingia. Mzee yule, na koti lake la msibani, na viatu. Hakuvua kitu, hakumwambia mtu. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kidevuni, kikabaki kichwa, kikabaki kipara, kikabaki kipovu. Wake za watu wakaanza kumlilia. Mara mkono ukatokea juu ya maji, umeshika bata. Alipotoka alikuwa na ruba miguuni wakubwa kama soksi, na kiatu kimoja. Kingine mpaka leo kinavaliwa na kambare.

Ndipo matete ya kile kiota yakatikisika.

Nyanzobe akasimama. Muda mfupi kuliko kupepesa, nawaambia, aliamini. Alifika hatua ya kusema, "Mbona umechelewa hivyo?" Neno lilikuwa limeshapanda kooni.

Akatoka Mhoja. Maji mpaka kifuani, matope mpaka kwenye nywele, viganja bado vimeziba mdomo.

Mama hakumpiga, hakumkumbatia. Alichukua upindo wa khanga yake, akamfuta uso, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria lililoungua.

"Nani alikufundisha?"

"Hakunifundisha mtu, mama. Nilikuwa nalala karibu na dirisha."

Basi bata akapikwa. Yakafika majira ya kula, watu wakakaa duara. Nyanzobe akaingiza mwiko, akainua shingo, mvuke ukapanda. Lubango akakohoa kiuenyekiti. "Mama Malale, sufuria ni lako. Desturi unaijua. Mpe mwenye bata, kabla supu haijapoa."

Malale akasimama wa kwanza.

"Mama, bata ni wangu. Nyote mlikuwa na bunduki, nyote mliziweka chini. Nani alipiga? Mimi. Bata haanguki kwa kuliliwa, anaanguka kwa kupigwa."

Mhoja akamrukia. "Ulipiga kwa sababu hukuijua! Watu wote walijua ile ni sauti ya baba, wakaishiwa nguvu. Wewe umekaa Mwanza mpaka ukaisahau, ukasikia bata tu!"

Malale akainamisha macho. Bunduki yake ilikuwa imelazwa chini, na matope yameshaiharibia ule ubibi harusi.

"Niliijua," akasema. "Nilipokuwa mdogo alikuwa ananipakata ndani ya kile kiota. Akimaliza kuita ananigusa bega, maana yake, mwanangu, nipo, piga. Leo niliposikia, bega langu liligutuka. Nyinyi mlimsikia marehemu. Mimi nilimsikia baba ananiambia nipige. Sikumzika, mama. Hata konzi moja ya udongo sikumtupia. Kiota kile ndicho kaburi nililofika kwa wakati. Bata ni wangu."

Mhoja akasimama.

"Mama, bata ni wangu. Walikuwa wanapita, nani aliwashusha? Baba aliwafundisha watoto wa kiume wa watu wote kuita bata, mpaka huyu mtoto wa mwenyekiti anayeita kama mlango mbovu. Mimi aliniambia, mwanamke akiingia kiotani bata wanahama. Nikajifunza kwa kuku. Nikajifunza kwa mto mdomoni, asinisikie. Leo nimeingia kiotani. Bata wamehama? Wamerudi! Sauti yake haipo mahali pengine popote duniani, ipo hapa." Akashika koo lake. "Sasa shingo ale nani mwingine? Bata ni wangu."

Shilinde hakusimama, ruba walikuwa wamemmaliza. Akasema akiwa amekaa.

"Shemeji, bata ni wangu. Kaitwa, kapigwa, sawa. Alikuwa anakwenda wapi? Kwenye tumbo la Hapaulizwi. Mngekuwa mnakula ugali kwa hadithi. Mimi siogelei, unajua. Nkwabi alijua. Nilikuwa nakwenda chini nasikia ananicheka: bata ajaye, Shilinde, bata ajaye. Nikasema moyoni, ndugu yangu, huyu ndiye bata ajaye. Ama nitakula shingo yake, ama nitakufuata huko huko tukagombane." Akafuta pua kwa mkono wa koti lililokuwa linachuruzika. "Aliniahidi. Na mtu yule alikuwa mwongo wa kila kitu, lakini ahadi alikuwa hakosi, alikuwa anachelewa tu."

Kelele zikaanza.

"Bila mimi angeshuka?"

"Bila mimi angeanguka?"

"Bila mimi angefika sufuriani?"

Na sauti moja kutoka kwa wanawake waliokuwa wanapepea moto, wala haijulikani ya nani, ikasema, "Na bila mfuniko angeruka? Si angekuwa mgeni mpaka sasa?"

Macho yote yakageuka kwa Nyanzobe. Klabu nzima, miaka yote ile, ndiyo kwanza inauona ule mfuniko. Lubango akaangalia sheria zake zote kichwani, na kichwa chake ni kikubwa, hakuna iliyomkataza mpishi.

Nyanzobe akaitazama shingo juu ya mwiko.

Akawaza: kazi ya mtu mmoja imegawanyika kwa watu hawa, na bado hawajamfikia.

Akamtazama Malale. Akimpa huyu, bega la mwanawe litapata pa kuegemea, labda hatarudi Mwanza. Akamtazama Mhoja. Akimpa huyu, ile sauti atakuwa anaisikia kila asubuhi, ataijibu kwa mfuniko mpaka azeeke. Lakini je, kuisikia kila siku ikitoka kwa mwingine, si ndiyo kumpoteza kila siku? Akamtazama Shilinde, kiatu kimoja, anatetemeka. Huyu ndiye peke yake aliyecheka na Nkwabi kabla hata yeye hajaolewa. Kisha akanusa mvuke wa shingo. Harufu ile. Ameipika maisha yake yote, na ulimi wake haujui ikoje. Akiila yeye, kiota ni chake, na hakuna atakayegusa yale matete yaliyoinama upande wa bega. Angeingia, angeegemea pale pale. Wamwache tu.

Lakini ukingoni angebaki nani wa kumjibu?

Huko majini kiota kilikuwa kimeinama kama mtu anayesikiliza. Wanaume wawili walikuwa wameshashika shoka karibu na mtumbwi, si kwa ubaya, ni desturi tu. Mvuke ukawa mwembamba. Mafuta yakaanza kuganda pembeni mwa sufuria.

"Mama," akasema Malale.

"Mama," akasema Mhoja.

"Shemeji, inapoa," akasema Shilinde.

Nyanzobe akainua mwiko.

Haya sasa. Nyinyi mliokuwa mnanikatiza tangu mwanzo mkisema bata hawaingii harusini, nyinyi wenye akili nyingi mpaka zinawawasha, semeni, maana yule mama mpaka leo ameinua mwiko, mkono unamuuma, na supu inapoa. Mmoja aliita, mmoja alirusha, mmoja alipiga, mmoja alizamia. Je, nani alistahili shingo ya bata wa Nkwabi?